Harufu Ilipokatika

Pua alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu yenye maji, kidevu chake ukingoni mwa shimo, akinusa. Nyuma yake mumewe, Fundi, alikuwa akikaza mkanda wa aproni, spana kwapani, akisubiri jibu kama mtu anayesubiri chai ipoe. Chini gizani pampu ilikuwa imekwama, na maji machafu ya kiwanda yalikuwa yamesimama, mazito, yakitoa mapovu madogo madogo.

"Bado," alisema Pua. "Linanuka mayai viza. Ngoja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, ingawa hakuna aliyempa. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kuchambua ngozi mbichi zinapofika, zenye matobo kando, nzima kando. Lakini wenzake wote pua zao zilikuwa zimeiva. Kuiva ndilo neno lao. Mgeni akiingia kiwandani siku ya kwanza hutapika, na wakongwe humpiga begani wakimwambia hiyo ndiyo karo ya shule, alipe tu. Baada ya muda utamkuta ameketi juu ya lundo la ngozi, anakula chakula chake cha mchana na kuramba vidole. Hapo humpa mkono. Pua imeiva, sasa ni mtu wa ngozi.

Yeye hakuiva. Miaka yote ile bado alijua, kwa kupita tu, ngozi ipi imetiwa chumvi vizuri na ipi inaanza kuoza upande wa tumbo. Mwanzoni walimcheka na kumwita Pua, baadaye wakamtumia. Ikawa desturi kwamba mtu hashuki shimoni kabla Pua hajalala pale ukingoni na kunusa. Likinuka, husubiri. Harufu ikiisha, hushuka. Wengine walitoka na kichwa kinachogonga, wakala kidonge, wakarudi kazini. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna aliyeuliza.

Siku hiyo kulikuwa na jambo moja tofauti, nalo lilionekana dogo. Kiwanda kilikuwa na mifereji miwili. Mmoja ulibeba maji ya chokaa na dawa ya manyoya, yanayotoka kwenye mapipa makubwa ya mbao ambamo ngozi huzungushwa mpaka zinyonyoke. Wa pili ulibeba maji ya asidi, ambayo ngozi huogeshwa baadaye. Mjenzi aliitenganisha kabisa, kila mmoja na shimo lake, na hakuna aliyejua kwa nini alijisumbua. Asubuhi mfereji wa asidi uliziba. Nyapara, ambaye watu walimwita Haraka mpaka naye akazoea kuitika, akaamuru asidi imwagwe kwenye mfereji wa chokaa, unaoishia shimoni pale. Maji ni maji, alisema, yote mwisho wake ni nje.

Kutoka kwenye mapipa ya manyoya, mdogo wake Fundi alipaza sauti. Huyo aliitwa Kinyozi, maana kazi yake ilikuwa kunyoa ng'ombe waliokwisha kufa, na alikuwa akijisifu kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Fundi ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na mpaka leo wote waliishi nyumba moja, pamoja na mama yao.

"Shemeji," alisema Kinyozi, "nusa upesi. Kaka akikaa bila kazi anaanza kutoa mawaidha."

Watu wakacheka. Pua naye alicheka, mdomo ukiwa juu ya shimo, na akavuta hewa ndefu.

Hapo harufu ikakatika. Haikupungua kidogo kidogo kama siku nyingine. Ilikatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme.

"Imeisha," alisema. "Shuka, baba."

"Pua ikishasema, mwili unatii," alisema Fundi. Akamvuka, akashika ngazi ya chuma, akaanza kushuka uso ukiwa ukutani. Pua aliona utosi wake, kisha mabega, kisha mikono tu ikishika vipago. Mikono ikafunguka.

Hakupiga kelele. Kichwa kiligonga mfuniko wa pampu, na sauti ile ikapanda juu kama mtu amegonga mlango mara moja na kuondoka. Akabaki ameegemea pampu, maji kifuani, uso umeangalia juu, macho wazi.

Pua alijiinua kwa magoti. Ukuta ulizunguka, ukatulia. Alipogeuza uso alikuta lundo la ngozi mbichi, hatua moja tu kutoka alipokuwa, zilizokaa kwenye joto tangu juzi. Lundo lile asubuhi lilikuwa limemtoa machozi. Sasa halikuwa na harufu yoyote. Akachota sakafuni konzi ya manyoya na mafuta yaliyooza, akayabana puani na kuvuta. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kunusa maji.

Akaelewa. Harufu haikuwa imekufa. Pua yake ndiyo iliyokufa, na alichomwambia mumewe hakikuwa kweli.

Kinyozi alikwishafika. Alikuwa amekuja mbio kama mbuzi aliyekata kamba, akaruka bomba la mpira, na mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye kipago cha kwanza.

"Usishuke," alisema Pua.

"Kaka yuko chini."

"Nimeona. Usishuke. Hewa ni mbaya, inaua."

"Wewe si ndiye uliyesema imeisha."

Pua akamkamata aproni kwa mikono miwili na kumvuta nyuma. Kinyozi alimpiga kiwiko cha mdomo. Jino likavunjika, Pua akalisikia likigonga ulimi, akalitema. Kinyozi akashusha mguu wa pili. Kando ya pipa kulikuwa na mti wa kukorogea ngozi, mzito, mweusi kwa miaka ya chokaa. Pua aliushika, akaunyanyua, akampiga mkono ulioshika ngazi, kati ya kiwiko na kiganja.

Mfupa ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Kinyozi alipiga yowe, lakini mkono wa pili haukuachia. Alikuwa na nguvu, kijana wa mapipa, na alikuwa anampenda kaka yake. Alianza kushuka kwa mkono mmoja. Pua akampiga bega. Akampiga tena palepale. Aliona uso wake ukimtazama kutoka chini, umejaa mshangao kuliko maumivu, kama mtoto aliyepigwa na mtu asiyewahi kumpiga. Akaupiga na huo. Damu ikamwagika kutoka kwenye nyusi, na Kinyozi, akiwa haoni, akapapasa. Pua akautupa mti, akamshika nywele na ukosi wa shati, akamburuta nje ya shimo kama mtu anayevuta ndama aliyekwama kuzaliwa. Walianguka wote wawili. Kinyozi alitambaa kurudi ukingoni. Pua akamkalia mgongoni, akaukunja mkono uliovunjika nyuma yake mpaka akaacha kutambaa.

"Muuaji," alisema Kinyozi, mdomo sakafuni. "Unamwacha afe. Mumeo mwenyewe."

Mwanamume mwingine, mwendesha mashine ya kuparua nyama ngozini, jitu lenye moyo mwema ambalo lingejitosa motoni kwa ajili ya paka, lilikuwa linakuja mbio na kamba. Pua aliruka akauchukua mti wake, akasimama mdomoni mwa shimo. Damu ilikuwa inamtoka kinywani mpaka kifuani.

"Anayeshuka namvunja miguu," alisema. "Leteni kulabu. Fungulieni huku mpira wa upepo. Na milango yote."

Wote waliona kwamba hakuwa anatishia tu. Jitu likasimama, kisha likakimbilia kulabu.

Kulabu za kiwandani zina mipini mirefu, za kuvutia ngozi kutoka kwenye madimbwi ya chokaa. Walitumbukiza mpira wa kompresa shimoni ukaanza kuvuma, mtu mwingine akafungua milango ya nyuma. Kisha wakasimama wawili, mara hii wakigeuza nyuso pembeni kuvuta pumzi na kuinama wakiwa wameifunga. Jitu lilinasa kamba ya aproni, ikakatika. Likanasa shati, likapasuka lote. Mwili wa Fundi ulianza kuteleza kwenye pampu, maji yakafika kidevuni.

"Nipe," alisema Pua.

Alikuwa ameshika kulabu tangu ujana wake. Alijua mahali pa kuiingiza ili ngozi isichanike: penye unene, karibu na mfupa. Akaishusha, akaitafuta nafasi chini ya kwapa la mumewe, akaivuta kwa nguvu. Ikaingia. Kupitia mpini mrefu ule alihisi nyama ikikubali, kisha mfupa ukiizuia. Fundi hakushtuka. Hapo ndipo moyo wa Pua ulipojua, lakini mikono iliendelea na kazi. Walivuta, yeye na jitu na wengine wawili, na Fundi akapanda akining'inia kwa nyama yake mwenyewe, kichwa kikigonga ukuta, maji meusi na damu vikimtoka pamoja.

Walimlaza nje kwenye upepo. Midomo ilikuwa rangi ya wino. Aliyepiga magoti pembeni yake hakuwa mwingine ila nyapara. Haraka alimkandamiza kifua, akampulizia, akamkandamiza tena, mpaka shati lake likalowa. Watu walimwambia inatosha, hakusikia. Fundi alikoroma mara moja, wakashangilia, wakampakia kwenye gari la mizigo. Kabla ya kufika hospitali hapakuwa na wa kumkimbiza tena. Kinyozi alikuwa ndani ya gari hilohilo, amefungwa mkono kwa kipande cha gunia, na njia nzima hakumtazama shemeji yake.

Nyumba ikajaa waombolezaji. Kinyozi alikaa upande wa wanaume, plasta mkononi na nyuzi kwenye nyusi, na kila aliyemuuliza alimweleza kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kupunguza: kaka alikuwa hai macho wazi, mimi nilikuwa kwenye ngazi, mke wake akanipiga mpaka kaka akafa. Maneno hayo yalizunguka nyumba upesi kuliko birika. Pua akipita na sinia, wanawake walikatisha mazungumzo na kuangalia vikombe vyao. Hakujitetea. Angesema nini? Walichosema kilikuwa kweli, na kibaya zaidi, kwamba ndiye aliyemwambia ashuke, hawakukisema.

Kabla ya mazishi alikuja mtu mwembamba mwenye mkoba, mkaguzi wa usalama kazini. Alikuwa amelikagua shimo, akalifunga kwa utepe. Aliketi kwenye mkeka wa wanaume, akatoa pole, kisha kwa kuwa waliuliza akaeleza. Maji ya dawa ya manyoya yakikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Ikiwa kidogo, inanuka mayai viza. Ikizidi, jambo la kwanza inaloua ni uwezo wa kunusa, kisha inamfuata mwenye pua. Mtu akivuta mara mbili tatu huanguka palepale. Ndiyo maana mifereji ilijengwa miwili. Ndiyo maana hashuki mtu bila kipimo cha hewa, bila mkanda na kamba, bila hewa yake mwenyewe ya kupumua. Hakumlaumu aliyelala ukingoni akanusa. Alisema tu kwamba amekwenda kwenye mashimo mengi, na mara chache amekuta maiti mmoja.

"Huwa ni wawili au watatu," alisema. "Wa kwanza ni fundi. Wanaomfuata ni ndugu zake."

Kinyozi aliinuka, akatoka nje. Watu walidhani amekwenda kulia. Alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, akaupiga ukuta kwa mkono wake mzima mpaka vifundo vikachubuka.

Jioni hiyo mama mkwe alimwita Pua chumbani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameketi kwenye mkeka amenyoosha miguu, macho makavu.

"Nilikuwa na wawili," alisema. "Umeniachia mmoja."

Pua alisimama mlangoni. Alijaribu kulipima neno hilo, kama ni shukrani au ni mashtaka, akashindwa. Huenda hata mzee mwenyewe hakujua.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia ashuke."

"Najua. Kinyozi ameniambia." Akavuta uzi mmoja wa mkeka. "Na yule mwingine ulimpiga kwa mti."

"Nilimpiga."

"Uso pia?"

"Na uso."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. "Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema waliotutangulia. Lakini hawakusema kama nusu nayo inauma hivi." Akasogea kidogo upande wa ukuta, ikabaki nafasi ya mtu kukaa. Pua akakaa.

Walizika. Matanga hayakuwa yamekwisha vizuri wakati jitu la mashine ya kuparua lilipokuja kumwita Pua uani, likizungusha kofia mikononi. Lilisema mwenye kiwanda amechoka kusubiri. Mkaguzi ameahidi kurudi kesho na kipimo na feni kubwa, lakini ngozi zinaoza kwenye mapipa, na Haraka ametumwa langoni kuchukua vibarua. Vibarua hawajui lolote. Wanafurahi kupata kazi.

Pua hakuuliza zaidi. Alijifunga kanga upya, akatoka. Mwanamke mmoja akamwambia mfiwa hatoki. Akamjibu kwamba anajua.

Kiwandani alikuta utepe umekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Kibarua mmoja, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alikuwa anakunja suruali karibu na ngazi. Haraka alikuwa ameshika tochi. Alipomwona Pua, uso ulimshuka.

"Mama, pole sana. Lakini nami nina mtu juu yangu."

"Muulize kama anashuka yeye."

"Usianze, tafadhali. Lina siku nyingi limekaa wazi."

"Wala halinuki, mama," alisema kibarua kwa upole, kumtuliza. "Nimenusa mwenyewe. Halinuki hata kidogo."

Pua alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la nguvu zote, likamzungusha, kibarua akakaa chini ameshika shavu, haelewi amemkosea nani. Haraka akamshika Pua mikono kwa nyuma. Walisukumana, wakagonga ngazi, tochi ikaanguka shimoni, wakaisikia ikigonga pampu. Pua alimng'ata Haraka kiganja, akamponda mguu kwa kisigino. Haraka akamsukuma kwenye ukuta, na paji lake likafunguka. Naye Haraka alikuwa analia huku anamsukuma, akisema atafukuzwa, ana watoto, afanye nini.

Ghafla mikono ile ikamwachia. Kinyozi, aliyemfuata shemeji yake kutoka nyumbani, alikuwa amemshika nyapara ukosi kutoka nyuma. Alimgeuza, akampiga ngumi moja ya tumbo kwa mkono mzima, kisha nyingine ya taya. Haraka akapiga magoti, akatapika. Kinyozi akamnyanyulia mguu kumpiga teke. Akausitisha hewani. Akaushusha.

"Kaa hapo," alimwambia. "Ukija karibu na shimo, nitakufundisha kunyoa."

Kisha akamwambia kibarua anyanyuke, aende nyumbani, akamwambie mkewe amepigwa kofi la bahati. Kibarua alipoondoka, Kinyozi akafungua mpira wa kompresa, akautupa shimoni, akaachia upepo. Akafungua milango ya nyuma. Hayo yote aliyafanya bila kumtazama Pua. Mwishowe akachukua spana kubwa kwenye ndoano ya marehemu, akaja ukingoni.

"Watalishuka tena," alisema. "Leo, kesho, mwakani. Maadamu kuna ngazi watashuka."

Ngazi ilikuwa imeshikwa juu kwa boliti nne zilizozama kwenye saruji. Pua alishika spana kwa mikono miwili, Kinyozi akakandamiza kwa mmoja. Waligeuza nyuso upande wa mlango, wakawa wanafanya kazi kwa kupapasa. Boliti ya kwanza ilipiga mlio mkali, ikalegea. Ya pili iliwachukua muda mrefu, vidole vya Pua vikachunika, wakaitoa. Haraka alikuwa amekaa kwenye lundo la ngozi, taya imevimba. Baadaye aliinuka, akaenda, akarudi na nyundo, akaiweka sakafuni mahali wanapoweza kuifikia, kisha akarudi kukaa.

Boliti ya tatu haikusogea. Kutu ilikuwa imeishika kama jino la gego. Walijaribu kwa spana, wakajaribu kwa nyundo, kichwa cha boliti kikaanza kuliwa. Kinyozi alipumzika, jasho likimdondoka juu ya plasta.

"Mkono huu ungekuwa mzima," alisema, "tungekwisha maliza."

Pua alipangusa damu iliyomwingia jichoni. "Ungekuwa mzima, wewe usingekuwepo."

Kinyozi akalifikiria hilo. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliangalia mkono wake kama mtu anayeangalia kitu alichoazimwa, kisha akaomba kopo la mafuta. Pua alimletea. Akamimina polepole kuzunguka boliti ya tatu, na ya nne, yakajaza ufa kati ya chuma na saruji na kuanza kuzama.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye madirisha ya juu. Walifunika shimo kwa mfuniko wa chuma, wakausukuma mkokoteni uliojaa ngozi mbichi juu yake, Haraka akisukuma nao upande wa nyuma, na wakatia jiwe kwenye kila gurudumu. Kinyozi akasema yeye atabaki, ataegemea pale pale. Pua amletee chakula, na blanketi, na kesho asubuhi msumeno wa chuma kwa jirani yao mchomeleaji, maana boliti mbili zilizobaki huenda zisilegee hata kwa mafuta.